Nyumba ya Watu Wawili Si Tupu



Mafundisho mengi ya ndoa huwalenga vijana: uchumba, mahari, matangazo ya ndoa kanisani, malezi ya watoto wadogo. Wale waliofunga ndoa miaka 30 au 40 iliyopita huambiwa tu wawe mfano mwema, kisha husahauliwa. Watu hudhani kwamba ndoa ikishapita jubilei ya miaka 25 haina shida tena. Lakini sisi makatekista tunaoingia katika nyumba za Wakristo tunajua kwamba shida zipo, ila wazee wana haya ya kuzitaja.

Leo nazungumza nanyi, baba na mama, ambao watoto wenu wamekwisha kutoka nyumbani. Mmoja yuko Nairobi, mwingine ameolewa mbali, wa tatu labda anafanya kazi ng'ambo. Siku za kawaida ukimya wa nyumba hausikiki sana, kwa sababu kuna ng'ombe wa kukamuliwa, kuna shamba, kuna mkutano wa jumuiya. Unasikika sikukuu inapofika. Nauli zimepanda, ruhusa ya kazini haikupatikana, mtoto ni mgonjwa. Simu inalia: "Mama, mwaka huu hatutaweza kuja." Mama anaitazama ile sufuria kubwa ya Krismasi na kusema, "Basi, hakuna haja ya kupika." Baba anachukua kofia yake na kwenda zake sokoni. Sikukuu imekwisha kabla haijaanza.

Ndugu msomaji, tujiulize. Ikiwa sikukuu haina maana bila watoto, ile ndoa tuliyofunga ilikuwa ya nani? Siku ile mbele ya altare mlisimama wawili. Watoto walikuja baadaye, wakiwa zawadi ya Mungu, na sasa wameitwa kwenda kujenga nyumba zao. Mliobaki ni wale wale wawili wa siku ya kwanza, na agano bado ni lenu. Nyumba yenye watu wawili waliounganishwa na Mungu si nyumba tupu.

WAZEE WAWILI WA NINAWI

Mimi ni mdogo kwenu kwa umri, kwa hiyo sitawafundisha kwa maarifa yangu. Nitawaletea wazee wenzenu wawili kutoka katika Maandiko Matakatifu, nao ndio watakaosema nasi. Ni Tobiti na mkewe Ana. Habari zao zimo katika Kitabu cha Tobiti, ambacho ni kimojawapo cha vitabu saba vya Agano la Kale vilivyomo katika Biblia yetu Wakatoliki na ambavyo ndugu zetu Waprotestanti hawavihesabu pamoja na vingine.

Kitabu hiki tumekizoea katika Misa za ndoa, kwa sababu ya sala ya vijana wawili, Tobia na Sara, usiku wa arusi yao. Lakini mara chache tunawatazama wazazi wa Tobia. Hao ni watu waliochukuliwa mateka kwenda Ninawi, mji wa ugenini. Walikuwa na mtoto mmoja tu. Walijua umaskini, ugonjwa, ugomvi, na kungoja mtoto aliye mbali. Ukisoma sura ya 2 hadi ya 5, kisha ya 10 na ya 11, utaona kwamba wanafanana sana na nyumba nyingi za kwetu.

1. MEZA YA SIKUKUU IANDALIWE

Sura ya 2 inaanza siku ya sikukuu ya Pentekoste. Chakula kizuri kimeandaliwa na Tobiti ameketi mezani. Kabla ya kula anamtuma mwanawe aende akatafute maskini mmoja wa ndugu zao, aje wale pamoja, naye atamngoja. Tazama jambo hilo. Familia yao ilikuwa ndogo na walikuwa ugenini, lakini hawakusema kwamba sikukuu imepotea. Waliandaa meza, na nafasi iliyobaki wakamtafutia mtu.

Mama, wewe umezoea kukanda unga wa chapati wa watu 15. Mwaka huu kanda wa watu wawili au watatu. Chapati 6 za sikukuu ni chapati za sikukuu vilevile. Tandika kitambaa kile kizuri ulichokuwa ukiwawekea wageni. Baba naye asikae akingoja kuitwa. Achinje kuku, alete kuni, au awashe jiko. Kisha mketi meza moja, mbariki chakula, mle kwa taratibu. Kuna nyumba ambazo kwa miaka mingi baba alikula sebuleni na mama akala jikoni pamoja na watoto. Sasa watoto hawako, lakini mama bado anakula jikoni, peke yake, karibu na moto. Hiyo ni desturi iliyokwisha kupoteza sababu yake.

Kisha mfikirie yule wa kuongeza mezani. Labda kuna mjane jirani, au mzee aliyefiwa na mke, au kijana mfanyakazi wa shamba ambaye hakupata nauli ya kwenda kwao. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na wewe mjane unayesoma ukurasa huu, usijifungie siku hiyo. Ukialikwa, nenda. Usipoalikwa, alika wewe.

2. MBUZI ALIYELIA NYUMBANI

Baadaye Tobiti alipofuka macho. Kwa miaka miwili jamaa yake Ahikari alimlisha, kisha Ahikari akaenda nchi nyingine. Hapo Ana akaanza kufanya kazi za mikono kwa malipo. Siku moja waajiri wake walimpa ujira wake, wakamwongezea mwana-mbuzi. Alipofika nyumbani, mbuzi akalia. Tobiti akauliza ametoka wapi, na akamwamuru amrudishe kwa wenyewe akidhani ameibwa. Ana akaeleza kwamba amepewa zawadi. Mumewe hakuamini. Ndipo Ana naye akamjibu kwa maneno makali, akamwuliza ziko wapi sasa sadaka zake na matendo yake mema.

Wote wawili walikuwa watu wema. Mbona waligombana juu ya mbuzi? Ni kwa sababu jambo lenyewe halikuwa mbuzi. Mume aliyekuwa akiwalisha wengine sasa analishwa na mkewe. Hana kazi, haoni, anakaa nyumbani kutwa, na kila sauti inamtia shaka. Mke naye amechoka kwa kazi, na anaporudi anapokelewa kwa kuhojiwa badala ya kushukuriwa.

Baba, hali hiyo humpata pia mtu aliyestaafu. Kwa muda mrefu watumishi wa serikali ya Kenya walistaafu wakiwa na miaka 55, na tangu mwaka 2009 umri huo ni miaka 60. Mtu wa miaka 60 bado ana nguvu. Jana alikuwa na ofisi au darasa, watu walimwamkia na kumngoja. Leo yuko nyumbani, na hajui mambo ya nyumba hiyo yanavyokwenda. Anaanza kuuliza: Kwa nini sukari imekwisha? Huyo anayepiga simu ni nani? Fedha za kuuza mayai ziko wapi? Mama, aliyeendesha nyumba hiyo peke yake miaka yote, anaona amewekewa msimamizi.

Dawa yake ni nini? Kwanza, baba apate kazi ya kweli hapo nyumbani, iliyo yake, na mama asiirudie nyuma yake. Inaweza kuwa mboga, nyuki, miti, ng'ombe, au hesabu za kigango. Pili, fedha zizungumzwe waziwazi mara moja kwa mwezi: malipo ya uzeeni, fedha za chama, zilizotumwa na watoto kwa M-Pesa. Fedha za siri huzaa shaka, na shaka ikishaingia, hata mbuzi wa zawadi huonekana wa wizi. Tatu, mama asimkumbushe baba kila siku kwamba sasa hana mshahara. Neno hilo huuma kuliko mnavyofikiri akina mama.

Hapa naomba ruhusa nitaje jambo la siri. Watoto wanapotoka, vyumba vyao hubaki wazi, na katika nyumba nyingine baba huhamia chumba cha wavulana. Ikiwa sababu ni kikohozi au maumivu ya mgongo, na wote wawili mmekubaliana, si neno. Lakini ikiwa sababu ni hasira, basi hasira imepewa chumba katika nyumba yenu. Msiiache ilale humo hata wiki moja.

3. WOTE WAWILI WANAITAZAMA NJIA

Tobia alipotumwa safari ya mbali kwenda Media kuchukua fedha za babaye, Ana alilia na kumlaumu mumewe kwa kumtuma mtoto wao wa pekee kwa ajili ya fedha. Tobiti alimwita dada, akamtuliza kwamba mtoto atarudi salama. Lakini safari ikakawia. Sura ya 10 inatuambia kwamba Tobiti alikuwa akihesabu siku, akiwaza labda Tobia amezuiwa huko. Ana akasema mtoto amekufa. Tobiti akamwambia anyamaze, mtoto ni mzima. Ana akamjibu anyamaze yeye, asimdanganye. Kila siku akatoka kwenda kuitazama njia ambayo mwanawe aliifuata. Hakula, na usiku alilia.

Ndugu msomaji, soma tena hapo. Baba alikuwa akihesabu siku kimyakimya, lakini mdomoni alisema hakuna shida. Mama aliona kwamba mumewe hajali. Kumbe wote wawili walikuwa na uchungu uleule. Mmoja aliufungia moyoni na mwingine akaupeleka barabarani.

Ndivyo ilivyo siku ya Krismasi mtoto asipokuja. Mama analia, baba anasema, "Mwache, ni mtu mzima." Mama anaona ni moyo wa jiwe. Kumbe baba amekwenda sokoni ili asionekane macho yake. Baba, mwambie mkeo kwamba wewe pia ulikuwa ukihesabu siku. Neno hilo moja litamfariji kuliko kumwambia anyamaze. Na wewe mama, usipime upendo wa baba kwa machozi.

Tena, msimfanye mtoto aone kwamba simu kwenu ni kesi mahakamani. Akipiga simu, msianze na lawama za mwaka jana. Mwulize hali yake, waombee wajukuu, mpeni baraka. Mtoto anayejua kwamba atapokelewa kwa furaha atatafuta nauli. Mtoto anayejua atahukumiwa atatafuta udhuru. Naye akija siku isiyo ya sikukuu, mwezi wa pili au wa saba, hiyo ndiyo iwe sikukuu yenu.

Nanyi wana mnaosoma, msidhani kwamba fedha mlizotuma zimekaa kwenye kiti chenu mezani. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, kinamwagiza mwana amsaidie baba yake katika uzee, na amvumilie hata akili zake zikipungua. Na tangu mwaka 2021, kwa agizo la Papa Fransisko, Kanisa lina Siku ya Babu, Bibi na Wazee, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Yeyote asiyepata nafasi Desemba anaweza kuishika Jumapili hiyo.

4. MAMA AKIITWA MJINI

Kuna jambo linalotenganisha wazee wengi siku hizi bila ugomvi wowote. Binti amejifungua mjini, likizo yake ya uzazi imekwisha, na msichana wa kazi hajapatikana. Mama anaitwa akasaidie kwa mwezi mmoja. Mwezi unakuwa mwaka, mtoto wa kwanza anafuatwa na wa pili, na mama bado yuko huko. Baba amebaki peke yake, anapika chai asubuhi na kuinywa jioni ikiwa baridi. Wengine huanza ulevi, na wengine hupata wa kuwapikia. Kisha watu hushangaa wakisema, "Mzee wa miaka 65 amekuwaje?"

Kusaidia wajukuu ni tendo jema, nami sikatazi. Lakini ninyi wawili mkubaliane kwanza, kabla mama hajafunga mzigo. Tarehe ya kurudi itajwe, na watoto waambiwe. Ikiwezekana baba naye aende akae siku kadhaa. Simu ya jioni isikosekane. Na sikukuu kubwa, yaani Noeli na Pasaka, msizitumie mkiwa mmetengana bila sababu nzito. Nanyi wana, mnapomwita mama, kumbukeni mnamwondoa mke wa mtu.

5. SHAMBA NA MANENO YA MWISHO

Watoto wote wanapofika nyumbani kwa sikukuu, mara nyingine huja na mazungumzo ya shamba. Mmoja anataka sehemu yake iuzwe apate mtaji, mwingine anataka hati ya ardhi iwekwe rehani benki. Humvuta baba kando, mama asisikie. Wazee wangu, mambo hayo hayafanywi kando. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Hata pasipo sheria, kiapo chenu kinatosha. Jibu la baba liwe, "Nitazungumza na mama yenu," na la mama liwe, "Nitazungumza na baba yenu."

Tobiti alipodhani anakaribia kufa, alimwita mwanawe na kumpa wosia. Katika sura ya 4 tunaona kwamba kabla ya mambo mengine mengi alimwagiza amheshimu mama yake, asimwache siku zote za maisha yake, akumbuke hatari alizozipata akiwa na mimba yake, na atakapokufa amzike kando yake katika kaburi moja. Huyu ni yule yule mume aliyegombana naye juu ya mbuzi! Ugomvi haukuvunja heshima. Baba, watoto wako wamekwisha kusikia kwako maneno kama hayo juu ya mama yao? Usingoje kitanda cha hospitali. Na mama vilevile, waambie watoto wema wa baba yao akiwa bado anasikia.

MPANGO MDOGO WA SIKUKUU YA WAWILI

Ili somo lisibaki maneno, napendekeza haya:

(a) Pokeeni Sakramenti ya Kitubio wakati wa Majilio, kisha mwende Misa ya Noeli pamoja na kuketi benchi moja. Kama mmoja ni mgonjwa, mwarifuni padri au katekista mapema ili aletewe Komunyo nyumbani.

(b) Jumapili inayofuata Noeli ni Sikukuu ya Familia Takatifu. Noeli ikiangukia Jumapili, huadhimishwa tarehe 30 Desemba. Jioni ya siku hiyo rudieni ahadi zenu za ndoa, mkishikana mikono, nyumbani kwenu, hata bila mashahidi.

(c) Itaneni. Kwa miaka mingi mmeitana Baba Fulani na Mama Fulani kwa jina la mtoto wa kwanza. Ni heshima nzuri, msiiache. Lakini Tobiti alikuwa na neno lake la upole kwa Ana. Tafuteni nanyi lenu, la wawili tu.

(d) Kila mmoja ajue dawa za mwenzake, za presha au sukari, na siku yake ya kliniki. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF imepisha ile ya SHA, basi hakikisheni wote wawili mmesajiliwa.

(e) Mkijaliwa nauli, fanyeni safari moja ndogo kwa mwaka. Madhabahu ya Mama Maria ya Subukia, katika Kaunti ya Nakuru, hujaa watu mwezi wa Oktoba kwenye sala za kuombea taifa. Nendeni siku ya kawaida, pakiwa na utulivu, mpande taratibu mkisali rozari.

Siku moja, asema Maandiko, Ana alikuwa ameketi akiitazama njia, akamwona mwanawe anakuja. Alifanya nini kwanza? Alimwambia mumewe asiyeona kwamba mwana wao anakuja. Macho ya mmoja yalikuwa macho ya wote wawili. Hiyo ndiyo ndoa ya uzeeni, wapendwa. Mmoja anaona, mwingine anasikia. Mmoja anakumbuka, mwingine ana nguvu za kwenda. Jungu kuu halikosi ukoko, nanyi bado mna utamu wa kupeana.

MASWALI YA KUZUNGUMZA (nyumbani au katika jumuiya ndogo ndogo)

1. Sikukuu iliyopita, sisi wawili tulikula wapi na tulizungumza nini?
2. Ni "mbuzi" gani anayelia nyumbani mwetu, na shida yenyewe ni ipi?
3. Katika jumuiya yetu ni nani atakayekula peke yake Krismasi hii? Nani atamwalika?

TUSALI

Ee Mungu, uliyewatunza Tobiti na Ana katika upofu na katika kungoja, utazame nyumba zetu zilizonyamaza. Utufundishe kuwa wawili tena. Uwalinde watoto wetu waliko, na ututie moyo wa kumkaribisha aliye peke yake. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.